Maandishi ya Ukingoni: shajara ya mradi wa tokeni za shaba

11 Januari

Kuanzia leo naandika hatua za mradi huu ili atakayependa kufanya kama huu aone kazi ilivyokwenda. Nataka kutengeneza trei moja ya tokeni, yaani vipande vya shaba ambavyo havikutolewa na mfalme wala serikali, bali na wenye migodi, wafanyabiashara na makampuni, pamoja na sarafu chache za watawala za kulinganishia. Nitaandika pia daftari la Kiswahili la kueleza kila kipande. Trei itaanzia Anglesey, kisiwa cha Wales, mwaka 1787, na itaishia hapa kwetu Tanga kwenye pesa za kampuni ya Wajerumani. Ikishakamilika itapelekwa kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma historia, washike vipande hivyo kwa mikono yao.

Katalogi za Kiingereza zipo, tena nzuri sana. Ile ya Richard Dalton na Samuel Hamer, iliyotoka sehemu kwa sehemu kati ya 1910 na 1918, ndiyo wanayoitumia wakusanyaji mpaka leo, na kila tokeni humo ina kaunti yake na namba yake. Kabla yao alikuwepo James Conder wa Ipswich, aliyechapisha orodha yake 1798, na wakusanyaji wengi, hasa wa Marekani, huziita tokeni hizi kwa jina lake. Nitafuata namba za Dalton na Hamer, lakini maelezo nitayaandika upya kabisa. Msomaji wa Tanga ana maswali yake, na swali la kwanza ni hili: ilikuwaje mwenye duka akaruhusiwa kujitengenezea sarafu?

19 Januari

Kifurushi cha kaka kimefika salama kutoka Birmingham. Kuna peni ya Anglesey ya 1787, nusu peni ya John Wilkinson, nusu peni ya Coventry ya 1792, nusu peni ya muuza vitabu Lackington ya 1794, nusu peni ya wapinga utumwa, na peni moja nene ya serikali ya 1797. Vyote vimelika, na ndivyo nilivyomwagiza. Tokeni nyingi zinazong'aa leo hazikuwahi kununua hata mkate. Kufikia katikati ya miaka ya 1790 watu walikuwa wameshikwa na wazimu wa kukusanya, na mafundi wa Birmingham na London wakawa wanapiga vipande vichache vichache vya kuuzia wakusanyaji tu, huku wakiunganisha upande wa tokeni moja na upande wa nyingine ili kupata aina mpya. Sivitaki hivyo. Nataka kipande kilichopita mikononi mwa watu.

Sasa jibu la swali la mwenye duka. Karakana ya sarafu ya mfalme, iliyokuwa ndani ya Mnara wa London, iliacha kupiga shaba mwaka 1775. Ilijali dhahabu na fedha, na shaba waliiona kama kazi ya hadhi ya chini. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinaota kila mahali kaskazini na magharibi ya nchi, na maelfu ya watu walioacha kulima sasa walisubiri ujira kila wiki. Mtu anayelipwa shilingi chache kwa wiki hawezi kununua kitunguu kwa kipande cha dhahabu. Alihitaji peni na nusu peni, na zilizokuwepo sokoni nyingi zilikuwa bandia, nyepesi, zimepigwa vichochoroni. Wenye viwanda walikuwa wakihangaika kutafuta chenji ya kulipia mishahara, na wauza duka walifikia kukataa shaba kabisa.

Sheria iliyowaadhibu waigaji wa sarafu ya mfalme haikumgusa mtu aliyetoa kipande chenye jina lake mwenyewe. Kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kule Anglesey, ilipita kwenye mwanya huo.

2 Februari

Leo nilikwenda kwa fundi sonara kuomba mizani. Yangu ya nyumbani inapima hadi gramu nzima tu, na kwa kazi hii haitoshi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea dhahabu?"

Nilipomwekea peni ya Anglesey mezani aliigeuza mara mbili, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Shaba tupu hii. Lakini aliyeitengeneza hakuiba." Akaiweka kwenye mizani: gramu 27.6.

Mzee hajawahi kusikia habari za Parys, na kauli yake ndiyo habari yote ya kipande hiki. Mlima wa Parys uko karibu na mji wa Amlwch, na shaba nyingi iligunduliwa pale mwaka 1768. Miaka ishirini baadaye mwanasheria Thomas Williams alikuwa amezikamata biashara za mgodi ule kiasi kwamba watu walimwita mfalme wa shaba. Alikuwa na madini, alikuwa na wafanyakazi wa kulipwa, na alikuwa na hamu ya kuionyesha serikali kwamba yeye angeweza kuitengenezea nchi sarafu. Peni zake zilipigwa 16 kwa ratili moja ya shaba, yaani kila moja ilianza na gramu 28.35. Linganisha na nusu peni halali za mfalme, zilizopigwa 46 kwa ratili. Ukichukua ratili mbili za shaba ya Williams unapata peni 32. Kwa kipimo cha mfalme ratili hizohizo zingetoa nusu peni 92, yaani peni 46.

Kwa hiyo Williams alitoa shaba nyingi kuliko mfalme, na kipande changu kimepoteza kama robo tatu ya gramu tu kwa miaka yote hiyo ya kushikwa na kutiwa mifukoni.

Upande mmoja una kichwa cha kasisi wa kale wa Wales, mwenye ndevu ndefu na kofia ya joho, amezungukwa na shada la majani ya mwaloni. Ndevu bado zinaonekana unywele kwa unywele upande wa kushoto, kulia zimelika. Upande wa pili una herufi za kampuni zilizofumwa pamoja, na kuzunguka herufi hizo kuna maneno haya: "Tunaahidi kumlipa mwenye kushika hiki peni moja."

16 Februari

Ukingo. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na sijutii.

Katalogi nyingi huonyesha picha za pande mbili, na mkusanyaji anayeanza huamini kwamba amekwisha kuiona sarafu. Tokeni hizi lazima uzisimamishe. Nimekata utepe wa karatasi nyembamba, ile ya kufungia keki, nikauzungusha kwenye ukingo wa peni ya Anglesey, nikaubana kwa vidole viwili na kupitisha penseli laini ubapa wake polepole. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja kwenye karatasi. Ukinyoosha ule utepe mezani unasoma hivi: "inapodaiwa, London, Liverpool au Anglesey."

Sentensi inaanza usoni mwa sarafu na kuishia ukingoni. Tunaahidi kumlipa mwenye kushika hiki peni moja, inapodaiwa, London, Liverpool au Anglesey. Ni hati ya ahadi iliyoandikwa juu ya shaba badala ya karatasi. Ukiwa na nyingi zimejaa dukani, unazifunga kwenye gunia, unazipeleka kwenye ofisi mojawapo kati ya hizo tatu, unarudishiwa fedha ya mfalme.

Nimefanya vivyo hivyo kwa nyingine. Ya Wilkinson, yule bwana wa chuma, ukingoni ina majina manne ya mahali alipokuwa na viwanda: Willey, Snedshill, Bersham, Bradley. Usoni kuna picha yake mwenyewe, mahali ambapo watu walizoea kumwona mfalme, na wapo waliochukizwa sana na jambo hilo. Upande wa pili ndio naupenda zaidi: mtu amesimama ndani ya karakana mbele ya nyundo kubwa ya mtambo, ameinama kidogo, ameshika chuma. Sijui sarafu nyingine ya wakati ule iliyompa mfanyakazi nafasi kama hiyo. Ya Coventry ina Lady Godiva, mwanamke wa hadithi za kale za mji huo, juu ya farasi na tembo aliyebeba ngome mgongoni, nembo ya mji, na ukingoni imeandikwa kwamba inalipwa kwenye ghala la Robert Reynolds na wenzake. Ya Lackington inajitangaza kwamba ni ya wauza vitabu wa bei rahisi kuliko wote duniani, na ukingo unaelekeza malipo kwenye duka lake la London aliloliita Hekalu la Muses, miungu wa kike wa sanaa wa Wagiriki.

Maandishi ya ukingoni yaliwekwa kabla ya sarafu kupigwa. Kipande kitupu kiliviringishwa katikati ya vyuma viwili virefu vilivyochongwa herufi, nusu ya sentensi huku, nusu kule, halafu ndipo kikapelekwa kwenye muhuri kupigwa pande mbili. Mwigaji wa vichochoroni alikuwa na muhuri, lakini kifaa kile cha ukingo kilikuwa kazi ya ziada na gharama ya ziada, na wengi hawakujisumbua.

Naona sasa daftari lote linapaswa kusimama juu ya jambo hili. Hakuna mtu aliyelazimishwa kuipokea tokeni ya Wilkinson au ya Reynolds. Muuza mkate aliweza kuisukuma nyuma. Ndiyo maana aliyeitoa alilazimika kusema yeye ni nani, yuko wapi, na atalipa nini. Wasio na nia ya kulipa nao walijitokeza haraka: tokeni nyepesi, ukingo mtupu, au ukingo unaosema tu kwamba inapokewa kila mahali. Inayopokewa kila mahali hailipwi popote.

1 Machi

Kazi ya uhifadhi. Nusu peni ya Coventry ilikuwa na madoa ya kijani kwenye miguu ya tembo. Kijani kigumu, laini kwa kugusa, cheusi kidogo, hakina neno, kiache. Cha kuogopa ni kile cha kijani kilichopauka, kinachotoka kama unga na kurudi tena baada ya kufutwa. Hicho kinatokana na chumvi iliyoingia ndani ya shaba, na katika hewa ya bahari kama ya Tanga kinakula sarafu mpaka kinaacha mashimo.

Bahati nzuri cha Coventry ni cha aina ya kwanza, kikiwa kimechanganyika na mafuta ya zamani. Nimeiloweka kwenye asetoni ndani ya chombo cha kioo, dirisha wazi, kisha nikachokoa uchafu uliolainika kwa mwiba wa mchungwa chini ya kioo cha kukuzia. Mwiba ni mgumu kuliko uchafu na ni laini kuliko shaba. Baadaye maji yaliyosafishwa ya dukani, si ya bomba, na kukausha vizuri.

Nawasihi wote wenye sarafu za babu majumbani: msizisugue kwa ndimu na majivu. Najua ndivyo tunavyong'arisha sinia na mabirika, na sinia linapendeza kweli. Sarafu ikishasuguliwa hivyo rangi yake ya miaka mia mbili imeondoka na mistari midogo ya herufi imekwenda nayo. Msiziweke pia kwenye vile vifuko vya plastiki laini vyenye harufu kali, vinatoa majimaji ya kijani yanayonata. Karatasi isiyo na asidi na paketi ya kufyonza unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko vinatosha.

9 Machi

Maelezo ya peni ya 1797 yamekwisha, ni mafupi. Serikali hatimaye ilimpa Matthew Boulton wa Soho, karibu na Birmingham, kazi ya kupiga shaba ya nchi kwa mitambo yake ya mvuke. Aunsi nzima ya shaba kwa peni, milimita 36 upana, na duara pana lililoinuka pembezoni lenye maandishi yaliyozama ili yasilike. Boulton alikuwa tayari ameshapiga tokeni za watu wengi, zikiwemo za Anglesey. Serikali ilichukua ufundi uliokuzwa na tokeni, na wimbi la kwanza likaisha. Lilikuja la pili kuanzia 1811, shaba ilipoadimika tena, mpaka Bunge likapiga marufuku kwa sheria ya 1817.

22 Machi

Nusu peni ya wapinga utumwa. Nimeiacha makusudi mpaka nipate siku tulivu.

Mtu amepiga goti moja, uso umeelekea kulia, mikono imeinuliwa na kushikana. Mnyororo unatoka kwenye mikono na kushuka mpaka mguuni. Kwenye kipande changu uso umelika kabisa, lakini pete za mnyororo bado zinahesabika kwa kidole, kwa sababu zilichongwa kwa kina na shaba yake imeinuka. Maneno kuzunguka: "Je, mimi si mtu na ndugu?" Upande wa pili ni mikono miwili iliyoshikana na maombi kwamba utumwa na uonevu ukome duniani kote. Picha hii ni nembo iliyosambazwa na mfinyanzi Josiah Wedgwood mwaka 1787 kwa ajili ya chama kilichoanzishwa London mwaka huohuo kupinga biashara ya watumwa. Kutoka kwenye udongo ikahamia kwenye shaba, na shaba ikaingia mfukoni mwa mtu ambaye asingeweza kununua kazi ya Wedgwood. Ukingoni neno la kulipwa bado linasomeka, mengine yamefutika.

Hata hivyo ujumbe wa tokeni hii una mipaka, na daftari litasema hivyo. Aliyepiga goti anaomba. Sijaona kipande cha shaba cha Birmingham cha wakati ule kinachomwonyesha mtumwa akisimama, na mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, walikuwa wameshasimama. Biashara yenyewe Uingereza iliipiga marufuku 1807. Huku kwetu soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa 1873, zaidi ya miaka 80 baada ya nembo hii kutengenezwa. Anayekwenda Mkunazini anaona kanisa lililojengwa pale pale. Nimekwishaamua kwamba kwenye trei tokeni hii itakaa jirani na sarafu ya Barghash, si jirani na Lady Godiva.

5 Aprili

Sehemu ya pwani. Nimepata pesa mbili, yaani sarafu ndogo za shaba, za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kutoka kwa mama mmoja anayeuza vyombo vya zamani, na pesa ya Barghash ninayo tangu utotoni. Moja ya zile za Kijerumani ina tundu karibu na ukingo, lililotobolewa kwa msumari na kulainishwa na uzi wa mkufu. Wauzaji hushusha bei kwa sababu ya tundu. Mimi naona tundu ni sehemu ya habari zake, kwamba mtu aliivaa baada ya kukoma kuitumia.

Upande mmoja tai wa Ujerumani, jina la kampuni na 1890. Upande wa pili, ndani ya shada, jina la kampuni ya Kijerumani kwa Kiarabu na mwaka wa Hijra 1307. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Tazama mwaka. Agosti 1888 watu wa kampuni walijaribu kupandisha bendera yao Pangani, na mrima wote ukawaka. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Sarafu hii ilikuja mara tu baada ya hapo, kutoka Berlin. Tangu 1891 utawala ulikuwa mkononi mwa serikali ya Ujerumani, lakini haki ya kutoa sarafu ilibaki kwa kampuni mpaka serikali ilipoanza kutoa sarafu zake ndogo ziitwazo heller mwaka 1904.

Nikachukua utepe wangu wa karatasi na penseli. Ukingo ni mtupu. Hakuna mahali pa kulipwa, hakuna "tunaahidi". Reynolds wa Coventry, mwenye ghala moja, alimwambia mteja aje wapi akidai chake. Kampuni iliyokuwa na bunduki za dola nyuma yake haikumwambia mtu wa Tanga lolote. Wote wawili walikuwa wafanyabiashara, wote wawili walitoa shaba kwa jina lao. Hii ndiyo sababu nataka vipande hivi vikae kwenye trei moja.

Pesa ya Barghash, ya 1299, yaani 1882, ina jina la Sultani upande mmoja na mizani upande wa pili. Mizani ile ina safari ndefu. Mwaka 1791 karakana ya Boulton kule Soho iliipigia Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki shaba za Bombay, na juu yake kulikuwa na mizani yenye neno adil kati ya visahani viwili. Wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu wa pwani yetu walizizoea shaba za Bombay zenye mizani, na Barghash alipoagiza zake Ubelgiji alichagua alama ambayo soko lilikuwa linaiamini tayari. Mwaka 1888 Waingereza wa Mombasa, waliokuja na kampuni yao ya Afrika Mashariki, nao wakaweka mizani kwenye shaba zao. Rupia za fedha za kampuni hiyohiyo zina herufi H, ya kiwanda cha sarafu cha Heaton cha Birmingham, na Ralph Heaton ndiye aliyenunua mitambo minne ya Boulton iliponadiwa mwaka 1850.

19 Aprili

Nimewaita vijana wawili wa kidato cha tatu waijaribu trei kabla haijamalizika. Niliwapa karatasi, penseli na vipande vyote bila maelezo, nikawaambia watafute nani atalipa. Anglesey waliisoma mara moja. Kwa pesa ya Kijerumani binti aliizungusha, akairudia, akaniuliza, "Sasa hii ukiikataa inakuwaje?" Swali hilo nimeliandika juu ya ukurasa wa sehemu ya pwani, kama alivyolisema.

Kilichobaki: shaba ya Mombasa ya 1888. Kuna muuzaji anayo, yenye mizani safi na mwaka wa Hijra 1306 unaosomeka, na bei tunaendelea kuvutana. Fundi seremala ananipa trei wiki ijayo, na nimemwambia mashimo yake yachongwe kwa namna ambayo kila sarafu inasimama kwa ukingo badala ya kulala, ili mwanafunzi aweze kuizungusha bila kuitoa. Daftari lina kurasa za vipande tisa kati ya kumi.